Kidonge cha Mazoezi na Ubishi wa AMPK

Panda ngazi hadi ghorofa ya nne na ndoo ya maji mkononi. Kabla pumzi haijakukatika, kwenye misuli ya paja kuna kimeng'enya kimeshashtuka. Kinaitwa AMPK, na kazi yake ni kama mita ya luku inayolia yuniti zikikaribia kuisha. Misuli ikitumia ATP, ambayo ndiyo nishati ya seli, AMP, yaani mabaki ya ATP iliyotumika, huongezeka. AMP ikinasa kwenye AMPK, kimeng'enya huamka na kubana matumizi. Seli huacha kutengeneza mafuta mapya na kuanza kuchoma yaliyopo.

Sasa, kwa nini tusikiamshe kwa dawa, kidonge cha kuiga mazoezi? Mwaka 2008 watafiti wa Taasisi ya Salk, California, waliwapa dawa iitwayo AICAR panya wasiofanya mazoezi kwa wiki 4. Seli huigeuza dawa hiyo kuwa kitu kinachofanana na AMP, hivyo AMPK ikadhani nishati imekwisha. Panya hao wakakimbia umbali uliozidi ule wa wenzao wasiopewa dawa kwa asilimia 44. Mwaka uliofuata dawa hiyo ikapigwa marufuku michezoni.

Naielewa hoja ya wanaoitaka. Bibi aliyevunjika nyonga hawezi kuambiwa akakimbie, na misuli yake inazidi kuisha kila siku anayolala.

Lakini je, AMPK ndiyo swichi yenyewe ya faida za mazoezi? Hapa wataalamu wamegongana. Mwaka 2011 panya waliokosa AMPK kwenye misuli tangu mwanzo walishindwa kukimbia sawasawa, na misuli yao ilivuta glukosi kidogo. Ushahidi ukaonekana umekamilika. Mwaka 2020 wengine wakaiondoa AMPK kwa panya ambao tayari ni wakubwa: walipokimbia, glukosi iliingia kwenye misuli kama kawaida, na mafuta yakachomwa. Kwangu jaribio hili la pili lina uzito zaidi, maana panya aliyekua bila kimeng'enya ana misuli iliyojengeka tofauti toka awali. Isitoshe, msuli unapojikunja humwaga kalisi (kalsiamu) ndani ya seli na kuvutika, na hizo nazo ni ishara za mazoezi kwa seli. Kidonge hakizigusi.

Halafu kuna moyo, ambao nao una AMPK. Mwaka 2017 dawa ya majaribio MK-8722 ilishusha sukari ya damu kwa panya na kima, ila mioyo yao ikanenepa na kurundika glaikojeni, yaani sukari ya akiba. Ni haki kusema kwamba watafiti hawakuona mioyo hiyo ikilegea kazini. Hata hivyo, wapo watu waliozaliwa na hitilafu kwenye jeni ya PRKAG2, inayotengeneza sehemu ya AMPK: glaikojeni hujaa moyoni na mapigo huvurugika. Hilo linanitisha.

Anayeweza kutembea simshauri aingoje dawa hii. Bibi yule wa nyonga ningependa aipate, mradi iwepo inayoamsha AMPK ya misuli na kuuacha moyo.