Arobaini mjini: amri zimebaki, mikono imeondoka

Mdogo wangu alipojifungua kwa upasuaji, muuguzi aliyemruhusu kutoka wodini alimwachia maagizo mafupi: mshono ubaki mkavu, tumbo lisikandwe, arudi siku ya saba. Tulipomfikisha nyumbani Mbagala tukamkuta shangazi ameshaingia na basi la Tanga, na pilipili manga kwenye kifuko, kanga kuukuu nne na sufuria yake mwenyewe, maana hana imani na sufuria za watu. Alfajiri ya kesho yake maji yalikuwa yanatokota uani.

Alichovya taulo, akalikamua kwa ncha za vidole huku akilipuliza, akalikandamiza kiunoni, mgongoni, mapajani. Mzazi aliuma pindo la kanga asipige kelele. Taulo lilipokaribia tumbo, wifi akaingilia: hospitali wamekataza. Shangazi akajibu kwamba mshono hataugusa, hana wazimu, lakini damu chafu ikibaki ndani, huyu mwenzenu atasumbuliwa na chango mpaka uzeeni. Wifi akasema damu inatoka yenyewe, amesoma. Wakabishana kwa adabu ya watu waliounganishwa na ndoa, yaani kwa maneno mazuri na macho makali. Mwenye tumbo lake alikuwa ameshasinzia.

Ubishi huu umejaa kwenye nyumba zenye vichanga, na mitandaoni una kambi zake. Wapo wanaosema arobaini, siku zile ambazo mzazi hukandwa na kukaa ndani baada ya kujifungua, ni hekima ya bibi zetu na anayeidharau atailipia kiuno akifika miaka hamsini. Wapo wanaoiita mateso na ushirikina. Mimi nimekuja kuona kwamba wote wanagombania sufuria, na hakuna anayeuliza nani anaibeba.

Tuanze na hesabu yenyewe, kwa sababu wengi hudhani arobaini ni jambo la pwani au la Waislamu tu. Wahausa wa kaskazini mwa Nigeria wana siku 40 za kuogeshwa maji ya moto. Mexico wanaiita cuarentena, yaani arobaini hiyohiyo kwa Kihispania. Wamalay hufikisha 44, tumbo likifungwa kwa kitambaa kirefu na kukandwa kwa jiwe au chuma kilichopashwa moto. Wachina wana mwezi mmoja, na neno lao, zuo yuezi, maana yake ni "kukaa mwezi": hakuna kuosha nywele, hakuna upepo, hakuna chakula cha baridi. Wakristo wa Orthodoksi wa Ethiopia hubatiza mtoto wa kiume siku ya 40 na wa kike siku ya 80, hesabu ambayo ukiijumlisha katika Mambo ya Walawi sura ya 12 unaikuta ileile.

Kinachonichekesha ni kwamba sisi wa pwani tunaipa dini mzigo ambao haikuubeba. Katika madhehebu ya Shafi, ambayo ndiyo yetu, nifasi, yaani damu ya baada ya kuzaa, kwa kawaida ni siku 40 lakini inaweza kufika 60, na kwa upande wa chini haina kiwango. Damu ikikatika siku ya kumi na tano, mwanamke anaoga, anasali. Hukumu hizo zinahusu sala, funga na mambo ya unyumba. Marufuku ya kufika kibarazani ni ya kwetu wenyewe.

Hospitali nayo ina arobaini yake, ila imeongeza siku mbili. Shirika la Afya Duniani linapohesabu vifo vya uzazi, linahesabu pamoja na vile vinavyotokea ndani ya siku 42 baada ya mimba kumalizika. Muda huo haukuokotwa. Mfuko wa uzazi unahitaji kama wiki sita kurudi kwenye ukubwa wake wa zamani, na pale kondo la nyuma lilipokuwa limeshika hubaki kidonda kinachopona polepole. Kwa hiyo bibi aliyesema mwili wa mzazi uko wazi hakukosea sana. Hata chanjo ya wiki ya sita inaangukia palepale mtoto anapotolewa nje, kana kwamba kliniki na bibi walikaa kikao.

Sasa maji. Joto linatuliza maumivu ya misuli, hilo halina ubishi, na mwanamke aliyesukuma usiku kucha akikandwa mgongo na mtu anayempenda anapata nafuu ambayo sitathubutu kuiita ushirikina. Lakini damu ya uzazi haikai tumboni ikisubiri kukamuliwa. Inatoka yenyewe kwa wiki kadhaa, na kinachousaidia mfuko wa uzazi kujikaza ni mtoto kunyonya. Kama kipande cha kondo kimebaki ndani, taulo halitakitoa. Hapo ni kurudi hospitali haraka. Maji yanayotokota yanababua ngozi, na kukandamiza tumbo lililopasuliwa juzi ni hatari ambayo hata shangazi, kwa akili yake ya miaka mingi, aliikwepa.

Hata hivyo kambi ya wifi nayo isikimbilie hukumu. Miaka ya 1970 madaktari waliokuwa Zaria, Nigeria, walishangazwa na wingi wa wanawake wa Kihausa waliopata ugonjwa wa moyo kushindwa kusukuma damu baada ya kuzaa. Wakatazama mila: maji ya moto, kitanda cha udongo kinachopashwa moto kwa chini, uji uliotiwa kanwa, ile chumvi ya magadi. Maelezo yakaonekana kukamilika, na kwa miongo kadhaa yakarudiwa vitabuni. Baadaye madaktari wa Nigeria wenyewe waliwalinganisha wagonjwa na wasio wagonjwa, na uhusiano na mila hizo haukuonekana. Kilichojitokeza ni mambo kama kukosa elimu, kukosa kazi, uzito mdogo na historia ya shinikizo la damu la mimba. Mila ilikuwa imebebeshwa kosa ambalo sehemu yake kubwa ni la umaskini.

Tunalo la kufanana nalo hapa kwetu. Mtoto akidhoofu, majirani wananong'ona kwamba wazazi wamembemenda, kwamba hawakuvumilia wakarudiana mapema. Katazo hilo lilikuwa na faida yake: baba alihamishwa chumba, mama akapumzika, mimba nyingine haikuja haraka. Lakini likigeuka kuwa maelezo ya utapiamlo, mtoto anakosa chakula na matibabu, na mama anapata aibu juu yake.

Hasara kubwa ya arobaini naiona mlangoni, kwenye lile neno "asitoke". Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani unataka mama na mtoto waonwe ndani ya saa 24 za mwanzo, kisha kati ya saa 48 na 72, kati ya siku ya 7 na ya 14, halafu wiki ya sita. Nyumba inayofuata arobaini kwa ukali inaruka ya pili na ya tatu, na huko ndiko maambukizi na kifafa cha mimba vinakojificha. Kifafa cha mimba, licha ya jina lake, kinaweza kumpata mwanamke ambaye mimba ameshaimaliza. Homa inaitwa homa ya maziwa. Kichwa kikiuma, baridi imemwingia. Mdogo wangu aliumwa kichwa siku mbili, akafungwa kitambaa na kupewa uji. Siku ya saba tuliondoka kwa bajaji, mtoto kavishwa mvuje wa kinga mkononi ili shangazi aridhike, na kipimo kikaonyesha presha imepanda. Alipewa dawa. Shangazi alikaa kimya njia nzima, kisha akasema mtoto wa siku saba si wa kupandishwa bajaji.

Lakini angalia nini kingine alikuwa akikifanya shangazi huyo. Aliamka kabla ya adhana. Alipika uji wa pilipili manga, akafua nepi, akamwogesha mtoto miguuni pake, akamlaza, akamwamsha mama kunyonyesha, akamkaanga kwa maneno alipokataa kula. Alimfunga mkaja, kitambaa cha kubana tumbo, na hata baadhi ya hospitali hutoa kitu kama hicho baada ya upasuaji ili mgonjwa apunguze maumivu akiinuka au akikohoa. Pwani neno mkaja limeingia mpaka kwenye ndoa: mama wa binti anapewa mkaja wake, na ubeleko pia, kama kukumbushana kwamba kuna tumbo lililofungwa na mgongo uliobeba. Jamii iliyoiweka kazi hiyo kwenye orodha ya posa ilijua ina thamani.

Ndipo ninapotofautiana na wanaoisifu arobaini kama dawa. Uchina, ambako jambo hili limechunguzwa sana, jibu kuhusu sonona baada ya kuzaa limekuja na sura mbili: mwanamke anayepata msaada anaoutaka anafaidika, na aliyefungiwa mwezi mzima na mama mkwe asiyeelewana naye anaumia zaidi. Mila ni ileile, mikono ni tofauti. Wenye fedha huko, na Taiwan vilevile, wanailipia: kuna vituo maalumu vya kukaa mwezi, vyenye wauguzi na milo sita kwa siku. Asiye na fedha anabaki na amri tu.

Uholanzi, ambako hakuna anayeogopa upepo, wana kitu ambacho bibi zetu wangekitambua papo hapo. Baada ya kuzaa, mtaalamu aliyesomea kazi hiyo anakuja nyumbani kwa siku kama nane. Anapima joto la mama, anaangalia mshono, anamwonyesha namna ya kunyonyesha, na anafanya usafi pia. Huduma hiyo wanaiita kraamzorg na bima inalipa sehemu kubwa. Malaysia nao walianza mwaka 2007 kuingiza tiba za asili kwenye baadhi ya hospitali za serikali, na ukandaji wa mzazi ukiwemo. Mkandaji anafanya kazi jengo moja na daktari, anajua nani amepasuliwa na nani hagusiki.

Sisi tumefanya vizuri sana nusu ya kwanza. Utafiti wa kitaifa wa 2015/16 ulikuta asilimia 63 ya watoto wa Tanzania Bara na Visiwani wakizaliwa kwenye vituo vya afya. Ule wa 2022 ukakuta 81. Makadirio ya vifo vya uzazi kwenye tafiti hizo mbili yameshuka kutoka 556 hadi 104 kwa kila vizazi hai 100,000. Lakini mama akishavuka geti la hospitali, tunamkabidhi kwa ukoo na kudhani ukoo bado uko nyumbani. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inampa mwajiriwa siku 84 za likizo yenye malipo, 100 akizaa zaidi ya mtoto mmoja, na inampa baba siku 3. Siku 3! Kenya angalau wanatoa wiki mbili. Na hapo tunazungumzia wenye ajira. Mama ntilie na muuza mboga hawana wa kumwomba likizo, na mama zao nao wana genge la kufungua asubuhi.

Shangazi alipigiwa simu siku ya kumi na tisa: mjukuu wake mwingine alikuwa anaumwa Tanga. Alifunga kanga zake, akabeba sufuria, akaacha maagizo kwa wifi ambaye naye alikuwa anarudi kazini Jumatatu. Mdogo wangu asitoke nje magharibi, asile cha baridi, asifike dukani mpaka arobaini itimie. Amri zote zilifuatwa. Jumatatu hiyo nilipopita jioni nikamkuta uani, kichwa kakifunga vizuri dhidi ya upepo, anainua ndoo ya nepi kwa mikono miwili.