Kabla hujanunua GPU nyingine, iangalie hiyo i5 ya 2014

Ukisema tu PC yako inakwamakwama kwenye gemu, jibu linakuja hata hujamaliza sentensi: ongeza GPU (kadi inayochora picha), prosesa achana nayo. Na mimi nimewajibu watu hivyohivyo miaka mingi kwa hiyo simcheki mtu hapa.

Tuchukue mashine ambayo wengi tunayo au tulishawahi kuwa nayo, Dell OptiPlex 9020 ama mwenzake HP EliteDesk 800 G1, zile za maofisi ya Ulaya zinazofika Kariakoo ya Dar na Luthuli ya Nairobi na stika ya namba ya ofisi haijabanduliwa. Ndani kuna prosesa ya Intel, i5-4590 ya 2014, RAM GB 8 za DDR3, mwenye nayo kachomeka GPU ya GTX 1650 kwa sababu zipo ambazo hazidai waya wa pawa wa pembeni, maisha yakaanza.

Wanaosema usiguse prosesa wana hoja na siyo za kipuuzi. Ukitaka kuhamia kizazi kipya hubadilishi prosesa peke yake, soketi yake ya LGA1150, yaani kiti cha prosesa kwenye bodi, ilishaishia pale, kwa hiyo mazabodi mpya, mazabodi mpya inataka RAM za DDR4 au DDR5 maana DDR3 yako haiingii, pawa saplai ya mashine hizi nayo ina plagi zake za ajabu haziendi kwenye bodi ya kawaida, mwisho wa siku umenunua kompyuta nzima na ya zamani imebaki boksi la kuwekea waya. Halafu RAM zenyewe tangu mwishoni mwa 2025 bei imepaa vibaya kwa sababu viwanda vinapeleka chipu kwenye seva za AI, mpaka Micron Desemba 2025 wakatangaza wanaachana na Crucial, brandi yao ya kutuuzia sisi watu wa kawaida. Mtu akikwambia subiri, kwa hali hiyo namwelewa.

Kinachonikera ni ushahidi wanaouleta kwamba prosesa iko fresh: wastani wa fremu, yaani picha ngapi zinatoka kwa sekunde. "Mbona mimi inanipa 60?" Haya tukae hapa kidogo. Fremu 60 kwa sekunde ni kama milisekunde 16.7 kwa kila fremu, sawa. Sasa chukua sekunde moja ambayo fremu 59 zimetoka kwa milisekunde 15 kila moja, hapo zimekula 885, halafu fremu moja iliyobaki imekula 115 zote peke yake. Hesabu: fremu 60, sekunde 1, kaunta ya fremu pale juu kwenye kona inaandika 60 bila aibu. Ila wewe uliyeshika mausi umeona picha imeganda zaidi ya sehemu ya kumi ya sekunde, na ni muda huohuo jamaa katokeza ukutani, ikirudi kutembea ushalala chini. Kaunta haijadanganya, imejibu swali ambalo hukuuliza. Ndiyo maana wanaopima kwa makini wanaweka na ile asilimia 1 ya chini, yaani fremu mbovu kuliko zote zimekwenda kwa kasi gani, na ukiona wastani 70 huku chini kuna 22 usiniambie mashine iko poa, hiyo mashine inaumwa.

Siyo kila kuganda ni prosesa, RAM GB 8 ikijaa inaganda vilevile, hadi disk ya kizamani na feni iliyojaa vumbi. Lakini i5-4590 ina kori 4 (mafundi wa ndani wanaopiga kazi) na thredi 4 (kazi inazoshika kwa mara moja) basi, na hizohizo zigawane gemu, Discord, brauza yenye tabu 20 na Windows iliyoamua kujiapdeti saa hiyohiyo. Zamani ilitosha kwa sababu magemu yalitengenezwa yaweze kutembea kwenye PS4 ya 2013, ambayo kori zake 8 zilikuwa dhaifu, 1.6GHz tu, i5 yetu ilikuwa inazicheka. PS5 ya 2020 imekuja na kori 8 za Zen 2 ya AMD, thredi 16, mpaka 3.5GHz. Magemu yaliyoandikwa kwa ajili yake hayana sababu ya kutuonea huruma.

Kupima ni rahisi, shusha rezolusheni kutoka 1080p mpaka 720p. Fremu zisipopanda, GPU ilikuwa imekaa tu inasubiri kazi. Au washa MSI Afterburner, programu inayoonyesha kila kifaa kinapiga kazi kiasi gani, ukikuta GPU iko asilimia 60 huku kori zote 4 zimegonga 100 basi ukinunua GPU kubwa zaidi utakuwa umenunua msubiriji wa bei mbaya zaidi.

Na hapa ndipo watu wanaruka njia ya katikati, wanadhani kubadilisha prosesa ni lazima kuvunja nyumba. i7-4790 inakaa soketi ileile, ni wati 84 kama i5 yako kwa hiyo pawa saplai haitashtuka, kori ni 4 lakini thredi 8. Tafuta yuzdi, apdeti BIOS (programu ya bodi inayoamsha mashine) kwanza, paka pesti mpya ya kupitisha joto, nusu saa umemaliza. Wastani unaweza usipande wa kushangaza, spidi ya juu inatoka 3.7GHz kwenda 4.0 tu, lakini mimi siutafuti wastani, natafuta zile milisekunde 115 zipungue.

Isipokuwa kama gemu lako ni Valorant na uko Windows 11, linataka TPM 2.0 na Secure Boot (kinga za usalama za mashine), na orodha ya Windows 11 kwa Intel inaanza kizazi cha 8 huko, hii i7 ni cha 4. Hapo hela ya i7 itunze uanze safari ya prosesa ya AMD, Ryzen 5 5600, na bodi ya soketi ya AM4. (Wenye AM4 mna bahati yenu, kuna bodi za 2017 zikiapdetiwa BIOS zinapokea hadi prosesa ya 5800X3D ya 2022, ninyi mlikuwa hamna haja ya kusoma mpaka hapa.)

Ya kwangu niliiwekea hiyo i7, GTX ileile. Kaunta ikapanda kiduchu, mdogo wangu aliyekuwa anacheza akaniuliza GPU mpya nimeitoa wapi. Windows 10 bado imo, sapoti ilishaisha tangu tarehe 14 Oktoba 2025, na nadhani hiyo ndiyo itakayokuja kunitoa kwenye hii mashine kabla ya gemu lolote.