Nilimwombea Marehemu Siye

Delhi ukiita "bajaji" hakuna anayegeuka. Kule wanasema "auto". Nililijua hilo baada ya robo saa ya kupunga mkono juani. Niliyempata nikamwambia "Khan" kisha nikanyamaza, kana kwamba mji mzima una Khan mmoja. Akanishusha Khan Market, mbele ya maduka.

Niliyekuwa namtafuta ni Abdul Rahim Khan-i-Khanan, jemadari wa wafalme wa Mughal, Akbar na Jahangir, mshairi juu ya hayo. Alipopelekwa kupigana Dekani, kusini mwa India, alihangaishwa na Malik Ambar, Mhabeshi aliyeuzwa utumwani akaishia kuongoza majeshi. Ambar ni mtu wa upande wetu huu. Nami nikataka kumzuru aliyekoseshwa usingizi.

Dereva wa pili nikampa kila kitu: kaburi, Mughal, jemadari, kuba kubwa. Akajibu neno, honi zikalimeza, nikatikisa kichwa kukubali.

Nikakata tiketi, nikaingia. Bustani ya miraba, mfereji katikati, jengo la mawe mekundu lenye milia ya marumaru. Nikayasifu yale marumaru kwa sauti. Kaburi lililo ukumbini ni alama tu, maiti huwa chumba cha chini, lakini adabu ni adabu: nikamsomea Rahim Fatiha, nikaongeza na dua. Nilipotaja jina lake, mwongoza wageni aliyekuwa kando akanigeukia. Huyu hapa ni Safdarjung, akasema, waziri aliyefariki 1754. Rahim yuko mashariki, kilomita kama nne. Na hayo marumaru unayoyasifu, walipojenga hapa waliyabandua kwake.

Lahaula! Nimesimama kwenye mali ya wizi nikiwaombea wenyewe baraka, tena kwa kulipa kiingilio.

Basi anayekwenda asitaje Khan wala jemadari. Aseme "Rahim Khan-i-Khanan, Nizamuddin East, Mathura Road". Asijaribu kurahisisha kwa kusema "karibu na Humayun", atashushwa kwenye lango la kaburi la mfalme Humayun, na huko tiketi ni nyingine. Kwa metro ashuke JLN Stadium, njia ya zambarau. Jor Bagh, njia ya manjano, ndiyo itakayompeleka kwa Safdarjung.

Nilifika jioni. Kaburi hili Rahim alilijenga mwaka 1598 kwa ajili ya mkewe, Mah Banu, naye akamfuata humo 1627. Lilikarabatiwa kwa miaka likafunguliwa tena 2020, ila sehemu kubwa ya kuba imeachwa uchi, saruji ya kale ikiwa wazi kama kipara, ili watu waone alivyovuliwa nguo. Nikasoma Fatiha ya pili, safari hii baada ya kusoma kibao kwanza.

Mlinzi akaniuliza kama ndiyo mara yangu ya kwanza. Nikamwambia hapa ndiyo kwanza nafika, lakini mawe yenu nimeshayaona asubuhi, hayajambo.