Homa ya Katha na kujiuzulu kwa afisa Blair

Wengi tunamjua George Orwell kupitia Shamba la Wanyama, tafsiri ya Fortunatus Kawegere iliyotoka mwaka 1967. Kabla ya umaarufu huo alikuwa Eric Blair, afisa wa polisi wa Dola ya Uingereza huko Burma (leo Myanmar), aliyeingia kazini mwaka 1922 akiwa na miaka 19. Mwaka 1927, akiwa kituo cha Katha upande wa kaskazini, kidingapopo, yaani homa ya dengue inayoenezwa na mbu, kilimwangusha. Akapewa likizo ya ugonjwa, akapanda meli kwenda Uingereza, na Burma haikumwona tena.

Je, kilichomtoa kazini ni homa au dhamira?

Wanaotaja homa hawakosi hoja. Kifua kilimsumbua tangu utotoni, na kifua kikuu ndicho kilichomuua mwaka 1950, akiwa na miaka 46. Hata hivyo kidingapopo hakimalizi kazi ya mtu kirahisi hivyo. Mara nyingi huisha baada ya wiki moja au mbili, kikamwachia mgonjwa uchovu, na afisa aliyepona alitarajiwa kurudi kituoni likizo ikiisha. Blair alipata nafuu. Mwezi Septemba alikuwa mapumzikoni Cornwall pamoja na familia yake, na akawaeleza kwamba ameamua kuacha kazi. Wazazi walisikitika, maana aliacha mshahara wa uhakika bila kuwa na kazi nyingine mkononi. Homa ilimpa likizo na umbali wa kufikiria. Barua ya kujiuzulu aliiandika mwenyewe.

Wenye shaka nao wasikilizwe. Simulizi ya kwamba alichoshwa na dhuluma ya ukoloni aliieleza kwa kirefu mwaka 1937, miaka kumi baadaye, msimamo wake wa kisiasa ukiwa umekwisha kukomaa. Tena alitamani uandishi tangu akiwa mtoto, na tamaa hiyo peke yake ingeweza kumtoa polisi.

Mimi naiamini dhamira yake, kwa sababu moja hasa: katika simulizi hiyo anakiri kwamba aliwapiga ngumi watumishi na vibarua alipopandwa na hasira. Anayetaka kujisafisha hatoi ushahidi wa namna hiyo dhidi yake mwenyewe.

Lakini heshima ninayompa ina mpaka. Karibu miaka mitano alivaa sare ile, akapita Insein penye gereza kubwa, akakaa kimya, na baadaye mwenyewe akaandika kuhusu ukimya uliomfunga kila Mwingereza wa Mashariki. Alipochoka alikuwa na cheti cha daktari, likizo na kwao kwa kurudi. Askari wa Kiburma aliyeugua homa ileile hakuwa na meli ya kumtoa chini ya utawala huo, uliodumu hadi mwaka 1948. Blair alijitoa katika dhuluma hiyo, na hilo ni jambo kubwa kwa kijana wa miaka 24. Waliokuwa wakiipinga ndani ya Burma, na kufungwa kwa sababu hiyo, ni Waburma.