Tumbo lako ni lipi kabla ya kunyonya mafuta?

Mteja wangu mmoja aliniletea kitenge cha sare ya harusi ya mdogo wake. Nilipomaliza kumpima akasema, "Dada, kiuno punguza inchi nne. Siku ya harusi nitakuwa nimeshanyonya mafuta Dar." Yaani daktari amvute mafuta ya tumbo kwa mrija. Harusi ni baada ya wiki saba. Nikaiweka tepu mezani, tukakaa.

Nina miaka 18 kwenye cherehani hapa Ngamiani, Tanga. Matumbo ya wanawake nayajua kwa mikono, na hayafanani. Lipo laini, ukilibana kwa vidole linajaa kiganjani: hayo ni mafuta ya chini ya ngozi, na ndiyo mrija wa daktari unayoweza kuyavuta. Lipo gumu, limejaa kama ngoma, huna pa kulibana. Mafuta yake yako ndani, yamezunguka utumbo na ini, mrija haufiki huko, na hayo ndiyo yanayoandamana na sukari na presha. La tatu ni la uzazi: ngozi imelegea, misuli ya katikati imeachana. Hilo ukilinyonya, ngozi inaweza kuning'inia kuliko mwanzo. Dawa yake ni upasuaji mwingine, wa kukata ngozi na kushona misuli.

Mteja wangu ana watoto watatu, wa mwisho ana miezi minane na bado ananyonya. Kwa mikono yangu, tumbo lake ni la tatu. Lakini mimi ni fundi, si daktari, nikamwambia hilo akaliulize kabla ya kulipa hata shilingi.

Akaniambia pia anaogopa sukari iliyomshika mama yake, labda mafuta yakitoka itamkwepa. Hapo sikunyamaza. Mwaka 2004 madaktari wa Marekani walitoa matokeo ya wanawake 15 wanene walionyonywa takriban kilo 10 za mafuta kila mmoja. Baada ya wiki 10 hadi 12 walipimwa tena. Presha, mafuta ya kwenye damu na jinsi mwili unavyoitumia insulini vilikuwa palepale. Anayeogopa sukari aanze na sahani yake na miguu yake.

Simcheki mwanamke anayetaka kurekebisha mwili wake, na wanaomcheka wananiudhi. Yupo anayefaa kabisa: uzito wake umetulia na hauko mbali na unaostahili, ngozi bado inavuta, havuti sigara, moyo na damu yake ni salama, ila ana kinundu cha mafuta mahali pamoja kisichosikia mazoezi. Huyo aende. Anayetaka kupungua kilo asiende, maana kazi hii ni ya umbo.

Na aende akijua. Uvimbe hukaa, umbo lenyewe huonekana vizuri baada ya miezi mitatu hadi sita, na kuna vazi la kubana la kuvaliwa kwa wiki kadhaa. Wiki saba hazitoshi kwa gauni la harusi. Halafu kuna hatari ya damu kuganda mguuni ikapanda hadi kwenye mapafu, utumbo kutobolewa, dawa ya ganzi kuzidi. Watu wamekufa kwa hili. Nikamuuliza: utarudije Tanga? Akasema kwa basi. Saa nyingi za kukaa bila kunyoosha miguu, na kidonda kibichi! Aulize ni lini ataruhusiwa kusafiri, kama daktari amesajiliwa na Baraza la Madaktari Tanganyika na amesomea upasuaji huo, nani atasimamia dawa ya usingizi, na usiku mambo yakiharibika atakimbilia wapi.

Mwisho akaniambia lililomleta. Wifi yake alimuuliza mbele za watu kama ana mimba tena. Akalia kidogo, nami nikamshika mkono.

Gauni nimelishona kwa vipimo vya siku ile, na kiunoni nimeacha kitambaa cha kutosha ndani ya mshono. Atakapoamua, nitakibana au nitakiachia.