Mageuzi ya Ardhi Peru Yasipimwe kwa Sukari Peke Yake

Wapo wanaosema Jenerali Juan Velasco Alvarado aliua kilimo cha Peru. Juni 24, 1969, serikali yake ya kijeshi ilitangaza sheria ya kutaifisha mashamba ya makabaila, na katika miaka kumi iliyofuata zaidi ya hekta milioni 9 ziliwatoka mikononi. Hoja ya wakosoaji ina uzito: vyama vya ushirika vya sukari vilizama kwenye madeni na uzalishaji ukaporomoka.

Lakini sukari ni habari ya pwani. Kule milimani Cusco na Apurímac, swali la kwanza ni Waquechua, wenyeji wa milima ya Andes, waliishi vipi kabla ya hapo. Familia ilipewa kipande cha ardhi ndani ya shamba la kabaila, na kodi yake ilikuwa jasho: siku kadhaa kila wiki kumlimia bwana bila ujira. Kisha ikaja zamu ya utumishi wa nyumbani kwake. Mwanamume aliacha viazi vyake, akaenda kufagia, kuchota maji, kuchanja kuni na kulisha wanyama, na usiku akalala karibu na mlango ili awahi kuufungua bwana akirudi. Jalidi ya Andes haingoji mtu amalize zamu. Malalamiko nayo angeyapeleka wapi? Asiyejua kusoma na kuandika hakuruhusiwa hata kupiga kura, mpaka katiba ya 1979 ilipoiondoa marufuku hiyo. Utumwa huo wa zamu hauonekani kwenye takwimu za tani, ndiyo maana kuisha kwake kunasahaulika upesi.

Lawama ninayoikubali ni nyingine: serikali haikuwaamini watu iliowakomboa. Waquechua tayari walikuwa na ayllu, jumuiya za koo zenye ardhi ya pamoja, na ayni, yaani leo tunalima kwako, kesho kwangu. Hata hivyo sehemu kubwa ya ardhi ilikabidhiwa vyama vya ushirika vilivyosimamiwa na wataalamu walioletwa na serikali. Huko Puno, mkoa mwingine wa milimani, jumuiya zilizopakana na vyama hivyo ziliendelea kuyatazama malisho ya babu zao kutoka nje ya seng'enge, hadi zilipoanza kuyavamia miaka ya 1980. Wakosoaji huutaja uvamizi huo kama ushahidi kwamba mageuzi yalikuwa kosa tangu mwanzo, ilhali wavamizi walichokuwa wakidai ni ile ardhi iliyobaki mikononi mwa vyama vya ushirika.