Uniti 80 kabla ya nafuu

Bei ya umeme wa nyumbani Uganda imepangwa kwa ngazi. Uniti 15 za kwanza za mwezi zimekuwa zikilipiwa shilingi 250 kila moja. Kuanzia ya 16 hadi ya 80 unalipa bei kamili, ambayo miaka hii ya karibuni imezunguka kwenye 750 hadi 800. Kutoka ya 81 hadi ya 150 bei inashuka mpaka 412, na ukivuka hapo unarudishwa kwenye bei kamili. Hiyo ngazi ya 412 ndiyo inayoitwa bei ya kupikia. Mamlaka ya Udhibiti wa Umeme iliiweka ili watu waache mkaa.

Sasa zipime ngazi hizo kwa chumba cha kupanga Kawempe, Kampala. Taa nne, simu mbili, redio na televisheni ndogo hazimalizi uniti 30 kwa mwezi. Mpangaji huyo akitaka kuufikia umeme wa 412, itambidi kwanza apikie uniti 50 kwa bei kamili, yaani karibu shilingi 39,000, kabla hajaiona nafuu yenyewe. Na mkaa wa kaveera, yaani wa mfuko wa plastiki, unauzwa mlangoni pake, kidogo kidogo, kila jioni. Nani atasubiri?

Kwenye mizigo, zile safu za vyumba vya kupanga, hali ni mbaya zaidi. Vyumba sita vinatumia mita moja ya Yaka, ile ya kulipia kabla. Zile uniti 15 za bei ya chini wanagawana watu wa vyumba vyote, mwezi haujaisha wamekwishavuka 150, na kuanzia hapo maskini sita wanalipa bei kamili kana kwamba ni tajiri mmoja. Anayenufaika na bei ya kupikia ni mwenye nyumba yake, aliye na friji, pasi na hita ya maji.

Naanzia kwenye mita kwa sababu mabishano yetu kuhusu nishati yameganda kwenye bomba la mafuta ghafi. Ni kweli bomba ni jambo kubwa: kilomita 1,443 kutoka Kabaale, Hoima, hadi Chongoleani, Tanga, likipashwa moto njia nzima kwa sababu mafuta yetu yana nta na huganda yakipoa, hivyo ni lazima yabaki kwenye nyuzi 50 hivi. Ni kweli pia kwamba viwanja 10 vya visima vya mradi wa mafuta wa Tilenga vimo ndani ya Hifadhi ya Murchison Falls, na wanaolia juu ya hilo wana haki ya kulia. Bunge la Ulaya lilipopitisha azimio lake la kukosoa miradi hiyo Septemba 2022, wakubwa wetu walijibu kwa hasira, na tangu hapo ukitaja mazingira unaonekana umetumwa na mzungu. Lakini zaidi ya nyumba 9 kati ya 10 nchini zinapikia kuni au mkaa. Mwaka 1990 misitu ilifunika karibu robo ya nchi. Kufikia 2015 ilikuwa imebaki karibu sehemu moja ya kumi. Misitu hiyo iliisha kwa majembe, kwa misumeno na kwa matanuru ya mkaa, na wakati huo hakuna hata pipa moja lililokuwa limesafirishwa.

Watetezi wa mafuta wana jibu: gesi ya Ziwa Albert itaingia jikoni na miti itapona. Mimi sikubali. Mafuta haya yana gesi kidogo, na sehemu kubwa ya gesi hiyo itachomwa kuendesha mitambo ya visima yenyewe. Mitungi ya gesi itakuwepo, ya mradi wa mafuta wa Kingfisher na baadaye ya kiwanda cha kusafisha mafuta cha Kabaale, ambacho mkataba wake ulitiwa saini Machi 2025 na bado kinahitaji miaka ya ujenzi. Wakati huo huo mapipa bilioni 1.4 yanayoweza kuvunwa, ukiyatoa 230,000 kwa siku, yanakwisha kabla ya miaka 17. Kwa hesabu hiyo, kwenda kuchimbua Karamoja kutafuta mengine hakumsaidii mpishi hata mmoja.

Umeme, kinyume chake, tayari upo. Karuma yenye megawati 600 ilizinduliwa Septemba 2024, na pamoja na Bujagali, Isimba, Nalubaale na Kiira uwezo wa nchi umepita megawati 2,000. Matumizi yako chini sana ya hapo.

Tupige hesabu ya sufuria. Kilo moja ya mkaa ina joto la megajuli 29 hivi, sawa na uniti 8. Sigiri ya kawaida hupeleka kwenye chungu kama robo tu, uniti 2. Joto lingine linapotelea hewani. Na kilo hiyo imekula kilo 6 hadi 10 za mti, kwa sababu tanuru la udongo hupoteza sana, hasa kuni zikiwa mbichi au ufa ukiingiza hewa na mkaa kugeuka majivu. Presha kuka ya umeme inapika nusu kilo ya maharage kwa takriban nusu uniti. Kwa 412 hiyo ni kama shilingi 200. Hata kwa bei kamili ni kama 400. Gawanya bei ya gunia unalonunua kwa kilo zake, kisha linganisha.

Matooke ndiyo kazi ngumu. Mkungu uliofungwa kwenye majani na kuivishwa taratibu kwa saa kadhaa hauingii kwenye presha kuka ya lita 6, na mpango usiotambua hilo utaachwa na akina nyabo, yaani akina mama, wiki ya kwanza. Waanze na maharage, njugu na nyama, vinavyokula moto mwingi. Matooke yabaki kwenye sigiri iliyoboreshwa kwa sasa.

Nyaya nazo huangusha watu. Jiko la wati 2,000 linavuta zaidi ya ampea 8. Ukilichomeka kwenye ekstensheni nyembamba ya dukani, plagi inayeyuka. Chumba kilichofungwa waya wa taa tu kinahitaji soketi yenye waya wa milimita 2.5 za mraba na fyuzi yake.

Amri ya rais ya Mei 2023 ilipiga marufuku mkaa wa biashara kaskazini, na miti ya shea ilihitaji ulinzi huo. Jikoni Kampala hakukubadilika kitu, kwa hiyo magunia yalipata njia nyingine. Sheria ya Usimamizi wa Fedha za Umma ya 2015 inaelekeza fedha za mafuta kwenye miundombinu. Basi ziingie hapa: mita ya kila chumba, soketi ya jiko, transfoma za mitaa ambayo taa hufifia saa moja usiku. Na bei ya kupikia ianze uniti ya 16.